Paka wa ghala Hima: Kwa nini hutoroka, na namna ya kumfanya abaki

HIMA, Kasese – Malori ya saruji hupita katika mji huu mchana na usiku, kwenye barabara ya Fort Portal kwenda Kasese. Nyuma ya maduka, maghala madogo hujaa mahindi, maharagwe na kahawa inayosubiri kushuka Bwera, kisha Mpondwe, na pengine kuvuka hadi Kasindi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Usiku, mlinzi wa magunia hayo ana miguu minne na mkia. Hana mshahara, hana likizo, na siku akiamua kuondoka haagi mtu.

Kuondoka kwake si jambo dogo kwa mwenye mali. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala, na mfanyabiashara wa nafaka anaijua methali hiyo kwa hesabu. Gunia lililotobolewa humwaga njiani, mnunuzi wa ng'ambo hulipunguzia bei, na mahindi yenye mkojo na kinyesi cha panya hukataliwa kabisa. Panya hawahitaji kula gunia zima ili kulitia hasara. Kutoboa kunatosha.

Mara nyingi hatua inayofuata baada ya paka kupotea ndiyo mbaya zaidi. Mwenye ghala hununua sumu ya panya, huitega kati ya magunia ya chakula cha watu, na wiki chache baadaye huleta paka mwingine mahali palipojaa panya wenye sumu tumboni. Paka huyo wa pili naye hatadumu. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta paka mpya, inafaa kujua kwa nini yule wa kwanza aliondoka.

Dume hufuata harufu, jike huita

Sababu ya kwanza ni uzazi. Paka dume akishabalehe, kwa kawaida kuanzia umri wa miezi sita na kuendelea, huanza kuzunguka mbali kutafuta majike. Eneo lake huwa kubwa kuliko la jike, na katika kulitembea hupigana na madume wengine, hujeruhiwa, na anaweza kukaa nje siku kadhaa. Wengine hugongwa barabarani. Kwa mji kama Hima, unaokatwa na barabara kuu ya malori, hatari hiyo iko mlangoni.

Jike naye ana zamu yake. Anaweza kushika mimba akiwa bado mdogo, hata kabla ya kufikisha miezi sita, na hubeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65. Akiwa kwenye joto hulia kwa sauti, hujisugua kwenye kila kitu na hutafuta upenyo wa kutoka. Asipopata dume, joto hilo hupoa, kisha hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Akizaa, huenda akawahamishia watoto mahali anapoona pana usalama zaidi, na mwenye nyumba akadhani ametoroka.

Hapa jiografia ya Kasese ina neno lake. Katika nchi za kaskazini, kama Uingereza, paka wengi huzaa kwa majira, kwa kuwa mwili wa jike huamshwa na urefu wa mchana. Majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi, wengi hutulia. Lakini mstari wa ikweta unakatiza barabara kusini mwa mji wa Kasese, na mchana wa hapa hukaribia saa 12 mwaka mzima. Paka wa Hima, Kasese na Bwera hawana miezi ya mapumziko. Dume asiyehasiwa atakuwa na sababu ya kutoka Januari kama alivyokuwa nayo Julai.

Njaa haimfanyi kuwa mwindaji bora

Sababu ya pili inatokana na imani iliyoenea sana katika maduka na maghala: paka asilishwe, kwani akishiba hatakamata panya. Imani hiyo imewafukuza paka wengi kuliko mbwa walivyofanya.

Ukweli ni kwamba kwa paka, hamu ya kuwinda na hamu ya kula ni vitu viwili. Paka aliyeshiba bado hurukia kitu kidogo kinachokimbia. Ndiyo maana wenye paka huona panya aliyeuawa akaachwa mlangoni bila kuliwa. Paka mwenye njaa huwinda pia, ila hawindi kwako tu. Huenda kwenye vibanda vya samaki, kwenye majalala, kwenye bucha na jikoni kwa jirani. Mahali atakapopata kichwa cha samaki kila jioni ndipo patakapokuwa nyumbani kwake.

Ubora wa chakula nao una uzito. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36, na wale waliochezeshwa dakika tano hadi kumi kwa siku walipunguza kwa asilimia 25. Mwenye ghala anaweza kushtuka: je, kumlisha vizuri si kumharibu? Hapana. Upungufu si kukoma. Paka anayewinda kidogo lakini yupo ghalani kila usiku ana faida kuliko mwindaji hodari aliyehamia mtaa wa pili.

Posho na mabaki ya maharagwe pekee hayamtoshi. Mwili wa paka unahitaji taurini, ambayo huipata katika nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Kiganja cha dagaa, ambao Uganda huitwa mukene, waliochemshwa bila chumvi na kuchanganywa na posho kidogo, ni mlo wa maana. Maziwa si lazima, kwani paka wengi wakubwa huharisha wakiyanywa. Maji safi ndiyo ya lazima, hasa kwa paka anayelala katika ghala lenye joto na vumbi.

Paka huhama na mahali, si na mtu

Sababu ya tatu huwapata zaidi wafanyabiashara, kwa kuwa biashara ni kuhama. Leo ghala liko Hima, kesho kodi imepanda, keshokutwa mzigo umehamishiwa karibu na mpaka. Mbwa humfuata mtu wake. Paka amefungwa na mahali. Ramani yake ni ya harufu: hujisugua mashavu kwenye milango, nguzo na pembe za magunia, akiacha alama ambazo pua ya mtu haizioni. Ukimhamisha ghafla, alama hizo zote zimepotea. Mlango ukifunguliwa, atajaribu kurudi kule zilikobaki.

Na uwezo wa kurudi anao. Mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani, Francis Herrick, alichapisha majaribio yake juu ya paka jike aliyekuwa na watoto. Alimbeba na kumwachia umbali wa maili kadhaa kutoka nyumbani, na mara baada ya mara paka huyo alirudi kwa watoto wake. Si kila paka hufanikiwa. Wengi hupotea njiani, na barabara yenye malori haimsamehi mtembezi wa usiku.

Kasese imehamishwa pia na maji. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, familia nyingi ziliacha nyumba zao. Katika hali kama hiyo paka aliyechukuliwa kwenda kambini au kwa ndugu hana mahali anapopajua, na anayeachwa hurudi kukaa juu ya kifusi. Anayelijua hilo hatashangaa kumkuta paka wake kwenye kiwanja kitupu.

Hofu, ugonjwa na sumu

Paka wengine hawaondoki; hujificha. Kelele za kinu cha mahindi kilichofungwa jirani, mbwa mpya, watoto wanaomvuta mkia, au paka mgeni mwenye ubabe vinaweza kumfanya akae mbali hadi usiku wa manane. Paka mgonjwa naye hutafuta pembe ya giza. Kwa hiyo asipoonekana kwa siku mbili, usiseme upesi kwamba ametoroka. Huenda yuko chini ya sakafu ya mbao, mita tano kutoka kwenye kaunta, akiumwa.

Sumu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda. Panya haifi papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiwa mzito na mlegevu, yaani mawindo rahisi kabisa. Paka akila panya kadhaa wa aina hiyo, sumu humpata yeye. Dalili ni udhaifu, ufizi kupauka na damu puani au kwenye kinyesi. Akiwahishwa kwa daktari wa mifugo kuna dawa, ambayo ni vitamini K1.

Wakazi wa wilaya hii wameshaona jinsi sumu inavyopita kutoka kinywa hadi kinywa. Aprili 2018, simba 11, wakiwemo watoto wanane, walikutwa wamekufa karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, katika tukio lililohusishwa na sumu. Kilichoweza kuangusha familia ya simba hakitamshindwa paka wa kilo tatu.

Dawa za mifugo na za binadamu nazo ni hatari. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, yenye amitrazi au pemethrini, haifai kwa paka hata kidogo. Panadoli humuua. Vidonge vya uzazi wa mpango vya wanawake, ambavyo baadhi ya watu huvisaga kwenye chakula cha paka jike ili asizae, vinaweza kumletea usaha katika kizazi na uvimbe wa matiti.

Namna ya kumfanya abaki

Kwanza, mhasi. Kwa madume wengi, kuhasiwa hupunguza kutangatanga, kupigana na kunyunyiza mkojo. Mabadiliko kwa baadhi huonekana haraka, kwa wengine huchukua wiki au miezi. Jike aliyefungwa kizazi hana joto la kumtoa nje. Umri mzuri ni kati ya miezi minne na sita, kabla ya tabia kuzoeleka. Kazi ya kuwinda haipotei. Upasuaji huu ni wa daktari wa mifugo, na ganzi ni lazima. Wenye maghala wa mtaa mmoja wakikusanya paka wao na kupanga siku moja na daktari, safari na gharama hugawanyika.

Pili, mlishe jioni. Panya hutoka giza linapoingia, na paka naye huchangamka wakati wa machweo na alfajiri. Ukimpa chakula saa kumi na mbili jioni, kila siku, mahali palepale, ukagonga sahani au kumwita kwa sauti ileile, atajifunza kuwa ndani wakati duka linafungwa. Asubuhi mpe kidogo tu.

Tatu, mpe pa kulala na pa kutazamia. Paka hupenda juu. Ubao uliopigiliwa ukutani juu ya magunia, wenye kipande cha gunia kuukuu, humpa usalama na humwezesha kuona ghala zima. Kama anafungiwa usiku kucha, mwekee beseni la mchanga au maranda, mbali na chakula chake na mbali na nafaka. Lisafishwe kila siku. Mwanamke mjamzito asiguse kinyesi hicho, kwa sababu ya ugonjwa wa toksoplasmosi unaoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nne, mpya asiachiwe mapema. Mgeni wa kibinadamu hupewa siku mbili, ya tatu akashika jembe. Paka apewe wiki mbili hadi tatu akiwa ndani, kwanza katika chumba kimoja, kisha ghala zima. Aje na tambara alilokuwa akilalia, ili harufu anayoijua imtangulie. Siku ya kwanza ya kutoka, atolewe kabla ya kula, ili njaa imrudishe mapema.

Tano, ondoa sumu, panga ghala. Haiwezekani kuwa na paka na sumu pamoja. Magunia yawekwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na kufagia. Matundu yazibwe kwa wavu wa chuma na saruji, ambayo Hima haikosekani. Nafaka iliyomwagika ifagiliwe kabla ya usiku. Hili ni muhimu kwa sababu paka pekee hamalizi kazi. Watafiti waliofunga kamera kwenye kituo cha taka New York, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, waliona kwa siku 79 paka wakiua panya wawili tu. Panya wale walikuwa wakubwa, na walichofanya zaidi ni kujificha paka walipokuwepo. Paka humtia panya hofu. Usafi ndio humnyima chakula.

Akipotea, tafuta karibu

Wengi hupoteza siku za kwanza kwa kuuliza mitaa ya mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu zaidi ya paka 1,200 waliopotea ulionyesha kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walikotokea. Kwa hiyo anza chini ya ghala lako, juu ya dari, kwenye ghala la jirani lililofungwa jana, kwenye mtaro. Tafuta usiku kukiwa kimya, kwa tochi, kwani macho yake yatang'aa. Gonga sahani ile aliyoizoea.

Uliza majirani kwa upole. Paka mmoja huweza kuwa na majina matatu na nyumba tatu, na kila mwenye nyumba akaamini kuwa ni wake. Njia isiyo na ugomvi ni kumvisha uzi mwepesi unaokatika akinaswa, wenye kikaratasi chenye namba ya simu. Anayemlisha atapiga.

Kisha kagua malori. Paka hupenda joto la injini na upenyo wa kati ya magunia. Kabla ya gari la mzigo kuondoka Hima, dereva apige boneti kwa kiganja na mpakiaji atazame chini ya turubai. Dakika moja hiyo inaweza kuzuia paka wa Hima kushukia Kasindi, Beni au Butembo, asikokuwa na harufu yake hata moja ya kumrudisha.

Mpaka una sheria zake

Tangu Kongo iwe mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, watu wa pande zote mbili za mto Lubiriha, wengi wao wa lugha moja, Wakonzo upande huu na Wanande upande ule, wamezidi kuhesabu soko lao kuwa moja. Paka mzuri wa panya hutafutwa pande zote, na wengine huvushwa kwenye mfuko kama zawadi ya shemeji.

Lakini mnyama si kitenge. Kumvusha kwa halali kunahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ofisi ya mifugo ya wilaya ndiyo pa kuanzia. Ugonjwa huo, licha ya jina lake, humpata paka pia, na kwa mtu dalili zikishaanza karibu daima huishia kwa kifo. Paka huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kadiri daktari atakavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wanaofika Ituri wana sababu moja zaidi ya kuwa waangalifu. Tauni, ugonjwa wa panya na viroboto, imekuwa ikijitokeza huko na katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Paka anayekula panya mgonjwa huweza kuupata na kumwambukiza mtu. Paka wa kutoka maeneo hayo asibebwe bila daktari kumwona.

Anayeamua kumbeba paka wake, iwe hadi Bwera au ng'ambo, asimtie kwenye gunia lililofungwa mdomo na kumning'iniza kwenye boda boda. Atumie kikapu chenye kifuniko au boksi gumu lenye matundu, lililofunikwa kitambaa. Paka aliyefika akiwa na hofu hatasubiri mlango ufunguliwe mara mbili.

Kwa mwenye ghala anayeanza leo, hesabu ni fupi: siku moja ya daktari kwa kuhasi na kuchanja, kiganja cha dagaa kila jioni, ubao mmoja ukutani, na wiki tatu za mlango kufungwa. Vyote kwa pamoja ni kidogo kuliko mzigo mmoja wa mahindi uliokataliwa pale Mpondwe kwa sababu ya harufu ya panya.